Kuamia Ndege Chidzivani

Jumamosi, 5 Aprili

Nimefungua daftari hili kwa sababu mhariri amekataa makala yangu. Ameniandikia kwa adabu kwamba wasomaji wameshaelezwa mara mbili kuwa kamera ya dijitali imeliua jicho la mpiga picha, na hawahitaji kuelezwa mara ya tatu. Nimemjibu kwamba uongo wa matangazo wanausoma kila siku na hawajalalamika. Basi nitaandika hapa, ambapo hakuna mhariri.

Hali ni hii. Duka la Mombasa lililokuwa likiniagizia filamu limefungwa, na mwenyewe sasa anauza vifuniko vya simu. Kamera yangu ni ya sanduku, ya kizamani, ile ambayo mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi kichwani. Kila picha inakula kipande kizima cha filamu. Vipande nilivyobakiwa navyo vimo katika boksi moja ndani ya friji, baina ya nguru na maziwa ya mtindi, na mke wangu Ummi ameniuliza kama boksi hilo litahama lini.

Litahama msimu huu. Nimeshapiga milima ya Shimba, mikoko ya Gazi, na majabali ya Diani wakati yangali yakionekana, kabla ya kuta za majumba. Bonde la mpunga la Chidzivani, hapa nyuma ya Msambweni, sijalipiga kama linavyostahili. Nitalifuata kutoka maji ya kwanza hadi mavuno. Kipande cha mwisho kikiisha, nitafunga kamera, na kazi ya picha itakuwa imekwisha kwangu. Ile kamera ya dijitali siishiki. Nimelisema hilo gazetini na jina langu liko chini yake.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua tu. Paa la jikoni linavuja palepale pa mwaka jana.

Jumanne, 15 Aprili

Nimekwenda Ukunda kutafuta dawa ya kusafishia filamu, nikakosa; nitabana hiyo iliyobaki. Nikapita mbele ya studio ya Lewis Fondo, mwenye kupiga harusi na picha za pasipoti. Ni Mduruma wa Kinango, hajafika arubaini, amesomea Nairobi na amerudi na Kiswahili kinachochechemea. Nilikusudia kupita tu. Akatoka mlangoni.

"Mwalimu! Karibu kwa wabofyaji, kama ulivyotuita gazetini."

"Sikukutaja jina."

"Hukutaja, lakini uliandika studio ya Ukunda yenye mlango wa manjano. Mlango wa manjano uko mmoja tu, buda."

"Basi jitetee."

"Nijitetee ya nini? Watu walikuja kuuona huo mlango, nikapata harusi mbili. Andika tena, tafadhali."

Nilimwambia kwamba anapiga picha elfu moja ili apate moja, na kwamba hiyo ni kazi ya mtu anayetupa wavu kokote akitumaini samaki ni wajinga. Alicheka. Akaniuliza filamu zikiisha nitafanya nini. Nikamjibu nitasoma vitabu.

"Na macho je? Utayaweka friji pia?"

Ummi ana mdomo. Sijui wamezungumza lini.

Jumapili, 27 Aprili

Majaruba ya mpunga yamejaa maji na miche imeshapandikizwa. Leo nimeomba ruhusa ya kusimama juu ya tuta kubwa linalokata bonde katikati. Mkubwa wa wanawake wanaolima hapa ni Bi Mwanaima, mama wa miaka sitini na zaidi, ambaye humtazama mtu kama anayempima kwa pishi.

"Shikamoo, Bi Mwanaima."

"Marahaba. Hilo sanduku umebeba nini, paka aliyekufa?"

Nikamwonyesha. Akachungulia katika kioo cha nyuma, akaliona bonde limesimama kwa kichwa, akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akasema maneno ya maana.

"Simama, hatukukatazi. Lakini wapiga picha waja hapa, wapiga, wenda zao, nasi hatujui tulitokaje. Siku ya kumaliza mavuno, utuonyeshe sisi kwanza. Kabla ya hao wa magazeti."

Nimeapa mbele ya wanawake wote. Ahadi kama hiyo si ngumu. Ngumu ni kupata anga lenye akili katika masika.

Jumanne, 6 Mei

Kuvu imeingia ndani ya lenzi. Nimeianika juani kama mtu anayeanika dagaa.

Jumapili, 18 Mei

Picha moja leo, na nadhani ni nzuri. Ili niipate ilinibidi niwaombe wanawake waliokuwa wakipalilia watoke bondeni. Filamu yangu ni ya polepole. Mtu akitikisika anatoka kama moshi. Lakini hiyo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba mandhari yakiwa na mtu, jicho linamkimbilia mtu na ardhi inanyamaza. Nimewaeleza hivyo kwa kirefu, nikiwa nimesimama kwenye tope.

Twaiba ndiye aliyewahi kujibu. Ana jaruba la ukingoni, karibu na mikoche, na mumewe ni mlinzi wa usiku katika hoteli moja ya Diani. Aliwapigia wenzake makofi.

"Haya tokeni, jamani! Bwana harusi ataka kubaki peke yake na bibi harusi!"

Walitoka wakipiga vigelegele. Nilingoja maji yatulie, nikapiga. Bonde safi, matuta yamechorwa kama kwa kalamu.

Jumamosi, 7 Juni

Idd. Nyama nyingi, wageni wengi. Shemeji yangu ameniuliza kama picha nyeusi na nyeupe ni za bei rahisi kwa sababu hazina rangi. Nimemjibu kwa saa nzima. Ummi anasema wageni waliondoka mapema.

Ijumaa, 20 Juni

Mpunga umetia maziwa, na ndege wamejua. Kuanzia leo bonde zima linaamia: kila jaruba lina dungu lake la miti, na juu yake mtu mwenye teo la kurushia madonge ya udongo, na kamba ndefu iliyofungwa makopo. Kamba ikivutwa huku, kule mbali makopo yanalia. Minana, hao ndege wadogo wala nafaka, wanaruka, wanazunguka, wanashuka kwa jirani. Jirani naye anavuta. Hivyo kutwa, toka kabla ya jua mpaka baada ya jua.

Nimebakiwa na kipande kimoja cha filamu. Ninakitunza kama dawa ya mgonjwa.

Jumamosi, 28 Juni

Kipande hicho nilikuwa nimekiwekea asubuhi ya namna moja tu: ukungu umelala bondeni, upepo wa kusi haujaamka, masuke yamesimama bila kutikisika. Asubuhi hiyo ilikuwa leo. Bi Mwanaima hakuwepo, alikwenda mazikoni Mkongani tangu jana. Twaiba na wenzake walikuwa juu ya madungu yao.

Niliwaomba washuke. Wakae nyuma ya mikoche, nilisema, na kamba waziache, maana makopo yanang'aa na yataonekana pichani. Twaiba alisita.

"Ndege waja saa hizi hizi, kaka Ramadhani."

"Nakuomba, dada. Hiki ndicho cha mwisho."

"Cha mwisho kweli?"

"Wallahi."

Wakashuka, kwa heshima yangu.

Niliingia chini ya kitambaa. Katika kioo cha kamera hii dunia huonekana juu chini, mpunga juu na mbingu chini. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa jua, kwa sababu kiwingu kilikuwa kimelifunika. Nikangoja kipite.

"Tayari?" Twaiba aliita.

"Bado!"

Nikaona katika kioo kitu cha kijivu kikipanda taratibu kutoka mbinguni kwenda kwenye mpunga. Nilidhani ni ukungu. Nilisema moyoni, hiki ndicho kilichokosekana msimu mzima.

"Kaka Ramadhani! Ndege!"

"Bado! Kidogo tu!"

Nilimsikia. Nisije nikajiandikia baadaye kwamba sikusikia. Jua likatoka, nikatia kipande, nikavuta kifuniko chake, nikafungua lenzi, nikahesabu, nikafunga. Kisha nikajivua kitambaa, nikaiona dunia ikiwa wima. Kile cha kijivu hakikuwa kikipanda. Kilikuwa kimeshuka, na kilikuwa juu ya jaruba la Twaiba, kikila.

Wanawake walitoka mbio, kanga mikononi, wakipiga kelele. Ndege waliinuka kama shuka moja, wakajitupa upande wa pili wa jaruba lilelile. Ilichukua muda mrefu kuwafukuza. Jua lilipokuwa limepanda, karibu nusu ya jaruba ilikuwa masuke matupu yaliyominywa, yenye madoa meupe ya maziwa ya mpunga. Mpunga huo ndio chakula cha nyumba ya Twaiba mpaka mwaka ujao.

Hakulia wala hakunitukana. Alikaa kwenye tuta akajisugua tope miguuni kwa jani.

"Pole, dada," nilisema.

"Picha imetoka?"

"Sijui mpaka niisafishe."

"Basi kaisafishe."

Jumapili, 29 Juni

Dawa ya kusafishia filamu inataka maji ya baridi. Pwani maji hayana baridi, kwa hiyo miaka yote nimeweka mabakuli yangu juu ya barafu ya wauza samaki. Umeme umekatika tangu jana, na barafu haipo Msambweni nzima. Mwenye akili angengoja. Mimi nilitaka kujua kama nimeharibu chakula cha mtu kwa jambo la maana.

Nilitumia maji ya tangi. Tangi liko juu ya paa, juani. Picha ilianza kutokea, nikaona matuta, nikaona mikoche. Kisha utando wa filamu ukalainika. Bonde likajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka, likateleza, likazama katika bakuli. Nilibaki nimeshika kipande cha plastiki kinachoonyesha vidole vyangu upande wa pili.

Ummi alichukua bakuli akaenda kulimwaga. Nimeishi naye muda wa kutosha kuujua mwendo wake wa ghadhabu, na huu haukuwa huo.

Jumatatu, 30 Juni

Bi Mwanaima amerudi na ameniita bondeni. Wanawake wote walikuwepo. Nilikwenda nimejiandaa kujieleza, nikaanza na habari za mwanga. Twaiba akanikatiza.

"Kaka Ramadhani, mume wangu hunisomea makala zako. Uliandika kwamba hoteli za Diani zauza pwani tupu. Kwamba katika vitabu vyao hamna mchuuzi, hamna mvuvi, hamna mama anayeokota kome. Ulisema wanatufuta ili mgeni adhani ardhi haina mwenyewe. Ulisema hivyo?"

"Nilisema. Na ni kweli."

"Ni kweli. Basi wewe ukitwambia tokeni, tokeni, huku wewe unatupeleka wapi?"

Nilimjibu kwamba mimi siuzi kitu. Nikamjibu kwamba sanaa na tangazo ni mambo mawili. Nikatafuta jibu la tatu. Nimebishana na wasomi, na wanasiasa, na padre mmoja, na masheikh wawili, na sijawahi kwenda nyumbani bila jibu. Leo nimekwenda.

Hukumu ya Bi Mwanaima ilikuwa fupi. Nusu ya jaruba iliyobaki, nitaiamia mimi mpaka mavuno, asubuhi na jioni, na Twaiba ataamia mchana. Na ile ahadi ya kuwaonyesha picha siku ya mavuno, iko palepale.

"Bi Mwanaima, sina filamu tena."

"Hilo ni lako. Sisi tuna ndege."

Alhamisi, 3 Julai

Teo ni chombo cha shetani. Donge la kwanza lilimpita kila ndege likampata ng'ombe wa mtu. Madungu yote yalicheka.

Kutoka juu ya dungu bonde si lile la kwenye tuta. Haliko mbele yangu, limenizunguka. Najua sasa kwamba Kache, mwenye jaruba la kushoto kwangu, huimba wakati wa kuvuta kamba na hunyamaza ndege wanapokaribia. Kelele yake ikikoma, nainua teo.

Jumapili, 6 Julai

Lewis Fondo alikuja bondeni na viatu vyeupe. Ummi ndiye aliyempigia simu, na amekiri bila haya. Alisimama chini ya dungu na begi begani.

"Nimekuletea kamera, mwalimu. Ni ya kuazima, si sadaka."

"Mikono yangu ina kazi, kama huoni."

"Ndiyo maana. Hii unaipangia, inajipiga yenyewe kila baada ya dakika kadhaa. Wewe endelea kutupa matope yako."

"Ikijipiga yenyewe, mpiga picha ni nani?"

"Nani atachagua pa kuisimamisha? Au hii miguu mitatu ina macho?"

Tulibishana kwa sauti mpaka Kache akatushukuru, akasema ndege wote wamekimbilia Lungalunga. Nilimwambia Lewis mambo makali, na baadhi bado nayasadiki: kwamba wingi unaua uchaguzi, kwamba asiyegharimika hatazami. Naye hakurudi nyuma.

"Wewe uligharimika, mwalimu? Kipande cha mwisho alikilipa nani?"

Nilimwambia asimamishe kamera yake pale kwenye kona ya tuta, lenzi ielekee mashariki kwa kushuka kidogo, na mwanga nikampimia mimi. Nimefanya hivyo kwa sababu ya kiapo changu kwa Bi Mwanaima, wala si kwa sababu nyingine. Namaanisha.

Jumatatu, 7 Julai

Nimeziona kwenye kompyuta ya Lewis. Mbaya. Mbaya kabisa! Mbingu imeungua, nyeupe kama ukuta uliopakwa chokaa, na mpunga una kijani cha pipi. Na katikati ya kila moja kuna mtu mwembamba juu ya dungu, mdomo wazi, ambaye nilichelewa kumtambua kuwa ni mimi.

Nikamwambia Lewis kamera yake haifai. Akaniuliza nilipimaje mwanga. Nikamweleza: kama kawaida, nilipima kivuli. Filamu inasamehe mwanga ukizidi, haisamehe giza. Akatikisa kichwa. Hii, anasema, ni kinyume chake. Ukiunguza mbingu imekwenda, lakini kivulini inaona kama paka.

Kwa hiyo yale niliyoyafanya kwa mkono bila kufikiri, tangu nikiwa na miaka ishirini, inabidi niyageuze. Nimerudi na tuktuk kutoka Ukunda nikigombana naye kichwani. Lakini nilikuwa nagombana juu ya vipimo, si juu ya haki yake ya kuwepo.

Ijumaa, 11 Julai

Mkono wa kulia hauinuki. Ndege hawana Ijumaa.

Jumatatu, 14 Julai

Nimepima mwanga kwenye wingu na kuuacha mpunga uwe mweusi. Lewis kauinua mwanga wa mpunga kwenye kompyuta. Nimemwambia ashushe. Akapandisha. Nimeshika kipanya mwenyewe. Ni kazi ileile ya chumba cha giza, ya kuficha huku na kufichua kule, ila sasa sinuki dawa na Ummi anaweza kuingia bila kubisha hodi. Ameingia mara tatu leo. Mara ya tatu alikaa.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeipata. Nitaieleza ili nikiipoteza ibaki hapa.

Ni ya jana asubuhi. Ukungu umefika magotini. Mbingu ina wingu refu, na safari hii sikuliunguza, kila mkunjo wake upo. Kwenye dungu la mbele yuko Kache, amevuta kamba kwa uzito wa mwili wote mpaka ameegemea hewa. Nyuma yake ndege wameinuka, na kwa sababu kamera hii ni ya haraka, hawakutoka moshi. Wametoka ndege, kila mmoja na mabawa yake. Twaiba yuko chini ukingoni, ndiyo kwanza anaingia kunipokea, ameinua mkono, na teo lake limechora duara kichwani kwake. Mimi niko kona ya kulia, mgongo tu.

Nimeitazama kutafuta kosa. Mkono wa Twaiba umefifia kwa kasi. Zamani ningeitupa kwa hilo. Kisha nikajaribu kuwafunika watu kwa kidole, mmoja mmoja, nione bonde lenyewe. Nilipomfunika Kache, wingu la ndege lilikosa sababu. Nilipomfunika Twaiba, mwanya kati ya mpunga mzima na mpunga ulioliwa ukawa doa tu. Ardhi haikusema zaidi. Ilinyamaza.

Nimesoma vitabu vingi juu ya mandhari, vya watu wa nchi za baridi waliopanda milima isiyo na wenyeji ili wakae na Mungu. Sina ugomvi na milima yao. Lakini bonde hili limechimbwa kwa mikono, kila tuta lina jina la mama fulani, na nilikuwa nalipiga kana kwamba limeshushwa na mvua. Sikufanya hivyo kwa sababu ya filamu. Filamu ilinipa udhuru tu.

Nimempigia Lewis simu kumwambia kwamba picha ni nzuri. Akasema, "Nirekodi hiyo, tafadhali. Sema tena."

Nilikata.

Jumanne, 22 Julai

Masuke ya kwanza yamekomaa nusu, na leo wamefanya pepeta. Wanakata mpunga mbichi kidogo, wanaukaanga kwenye chungu, wanautwanga ungali moto mpaka unakuwa bapa, na anayepita njiani lazima apewe. Moshi ulitanda bonde zima. Kamera iliupiga moshi. Mimi nilikuwa juu ya dungu nikiumezea mate.

Twaiba alikuja na kibakuli. Tangu siku ile hajanisemesha zaidi ya salamu za kupokezana zamu.

"Shika. Ni ya jaruba letu."

Alisema letu. Nilikula, tamu, ina ladha ya majani na moto. Alibaki amesimama chini akikagua masuke.

"Haujaliwa tena," alisema. "Hata kidogo."

"Nina kelele."

"Hilo twalijua tangu gazetini."

Jumamosi, 2 Agosti

Tumevuna la Twaiba. Wamekuja wote, kama wanavyofanya kwa kila jaruba, kila mmoja na kisu chake kidogo, suke moja moja. Nami nilipewa kisu. Jaruba lilitoa pungufu ya mwaka jana, ila si upungufu tuliouhofia. Bi Mwanaima ametoa agizo kwamba kila jaruba litoe kikapu kimoja kuziba pengo, na hakuna aliyenung'unika, isipokuwa mimi niliyesema jaruba langu ni daftari. "Basi toa mgongo," alisema, nikabebeshwa magunia.

Kamera ilikuwa kwenye tuta. Mara mbili nilikwenda kuisogeza mwenyewe, nikapiga kwa mkono, katikati yao, nikiwa na tope mpaka kiunoni. Hakuna aliyeniuliza atoke wapi. Hakuna aliyejipanga pia. Waliendelea.

Jumamosi, 9 Agosti

Picha zimeonyeshwa leo uani kwa Bi Mwanaima, zimebanwa kwenye kamba ya nguo kwa vibanio. Lewis alizichapisha Ukunda. Tuligombana juu ya weusi wa kivuli mpaka mteja wa pasipoti akaondoka. Nilishinda kwenye picha sita, yeye kwenye nne, na moja haina mshindi. Nilizitundika na zile za filamu za Mei, bonde tupu, kwa sababu ni kazi yangu na siikani.

Wanawake walizipita za Mei kwa adabu, kama mtu anavyompita mgeni asiyemjua. "Nzuri," alisema Bi Mwanaima. "Hapa ni wapi?" Alikuwa amesimama mbele ya tuta lake mwenyewe.

Kwenye zile nyingine hapakuwa na adabu. Walisukumana. Walionyeshana nani ameinama vibaya, jaruba la nani lina magugu, nani alisema anaumwa na kumbe yuko pale anavuna. Kache alijiona ameegemea hewa na kamba yake, akafurahi, kisha akaona kanga yake ina tundu mgongoni.

"Auntie, hilo naweza kulifuta," Lewis alisema. "Dakika moja tu kwa kompyuta."

"Hakifutwi kitu!" nilisema, na nilikuwa na hotuba nzima tayari.

"Kanga ni ya nani?" Bi Mwanaima aliuliza, akitutazama sote wawili.

"Yangu," Kache alisema. Akaisogelea picha, akaitazama sana. "Liacheni. Tundu lenyewe nililipatia hapa hapa, kwenye msumari wa dungu."

Ile ya kumi na sita Julai, ya Kache na ndege, ameichukua Bi Mwanaima. Itakaa sebuleni kwake, na mhariri, akiitaka, atakuja kuiona huko. Nimemwahidi makala nyingine badala ya ile aliyoikataa, na safari hii nitakuwa nabishana na mtu ninayemjua vizuri zaidi, yule aliyeziandika zile mbili za kwanza.

Watu walipopungua, Twaiba alikuwa bado amesimama mbele ya kamba. Nilimwuliza ameonaje.

"Zimetoka," alisema. Kisha, bila kugeuka, "Kamera ya huyu kijana wamrudishia?"

"Amesema nikae nayo mpaka nipate yangu."

"Sasa watafuta yako?"

"Natafuta."

Aliitikia kwa kichwa. "Vuli ikinyesha twapanda mahindi na kunde kule juu, nyuma ya mikoche. Pazuri, waona mpaka baharini. Njoo upige." Alizifungua picha vibanio, akazipanga vizuri mikononi mwake, akanipa. "Lakini uje na jembe."

Nilipofika nyumbani nikamwuliza Ummi jembe letu liko wapi. Aliacha kupeta mchele.

"Lipo nyuma ya banda," alisema. "Utalishika upande gani?"